Nilijibu "Ndiyo" tu, na sasa Mama Moraa anaondolewa ushirika

Sabato hii jina la jirani yangu litasomwa mbele ya kanisa ili aondolewe ushirika. Ushahidi ni neno langu moja, na neno hilo ni la kweli.

Salamu wakuu. Sitatia chumvi, hata panaponiaibisha nitapaacha palivyo.

Nafundisha utangulizi wa falsafa na mantiki katika chuo kimoja Kisii mjini. Nyumbani ni upande wa Ogembo, ambako mimi ni karani wa kanisa letu la Kisabato.

Sabato moja alasiri, nikitoka kwaya, nilipita kituo cha kununulia majani chai. Mama Moraa, mjane wa hapa kwetu, alikuwa anapimisha.

Mpimaji akauliza, "Niandike kwa namba yako, mama?"

"Hapana, ya Bosibori."

Bosibori ni jirani yake Mkatoliki, alikuwa amelazwa kwa upasuaji; na malipo ya chai huenda kwa mkulima mwenye namba. Wa huku mnajua, majani yakikomaa kituo kinayakataa.

Habari ikafika church board, yaani baraza la kanisa. Mzee wa kanisa akanigeukia.

"Karani, ulimwona akipimisha Sabato?"

"Ndiyo."

Mama Moraa akasimama. "Wazee, yalikuwa ya Bosibori, yuko wodi. Ng'ombe akitumbukia shimoni Sabato, si mnamtoa?"

"Ng'ombe hufa, mama. Chai haifi."

Watu wakacheka.

Mzee akaendelea, "Na nani hapa anajua yalikuwa ya Bosibori?"

Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimeinamia kitabu cha minutes, naandika. Nikajiambia karani ameshaulizwa, ameshajibu.

Mama Moraa alinitazama kidogo, kisha akaketi. Wakapiga kura.

Tangu siku hiyo situlii. Juzi nilifuta ubao katikati ya somo, wanafunzi wakiwa bado wananakili. Somo lilikuwa tofauti ya kusema uongo na kupotosha.

Nilichojifunza ni hiki: nilijichunga sana nisiseme uongo, nikasahau kuna mtu anahukumiwa kwa kile nilichokiacha.

Jana nilimpigia mzee nikamweleza yote, mpaka mambo ya namba. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na siku ile ulinyamaza kwa nini?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Wakuu, nyinyi mngemjibu nini? Msinionee huruma, semeni tu.

Kesho kutwa ni Sabato. Orodha ya matangazo ninayo mimi, na jina lake bado limo.