Kila Mutu Ni Dada Muzuri

Ile wakati barebele, bale baasi, balikuwa banatawala Goma, siye bamama tulikuwa na raha moya tu: filimu ya saa nane ya muchana, kule Majengo. Papa moya alikuwa na televizio mu salon yake, na jeneratere yenye ilikuwa inakohoa kama muzee ya kifua. Aliweka mabenchi, akatundika blanketi ku dirisha ili kuwe giza, na kazi ikaanza. Mi nilikuwa natoka kwetu Murara na miguu, naacha maharagi ku moto. Mara ngapi iliungua! Sikujuta.

Filimu yenye tulipenda kupita zote ilikuwa ya zamani sana, ya Bamerika, haina ata rangi. Dada wawili. Mukubwa ni muzuri ya uso, lakini roho yake, wee! Baba yao eko mugonjwa ku kitanda. Mudogo njo anamulisha, njo anamuogesha. Mukubwa eko ku dansi na kofia ya manyoya. Akirudi nyumbani anauliza: chakula iko wapi? Na siku baba anakufa, ule mukubwa anaanguka juu ya sanduku, analia kupita batu yote, mupaka padiri yao anakuya kumushika mukono yeye. Mudogo anabaki nyuma ya mulango, hakuna mutu anamuangalia.

Balikuwa banasema kizungu yao ya kupitia mu pua. Hakuna mutu alisikia ata neno moya. Mi sikusoma, ata ile Kifransa kidogo niliokota ku soko. Lakini mudomo yangu haijuake kukaa bure. Nikaanza kubasemesha Kiswahili. Mudogo nilimupa sauti ya bamasere, bale batawa ya misioni, ya polepole, kama mutu anabeba mayai. Baba nilimupa sauti ya marehemu baba yetu siye, mutu ya Maniema, dereva ya lori, mwenye alisemaka "Alhamdulilahi" ata wakati pneu inapasuka. Na ule mukubwa, nilimupa sauti ya yaya yangu, dada yangu mukubwa.

Juu Mungu alinipa yaya. Toka tuko batoto: "Mi siwezi kupika ku makala, moshi inaniharibia macho." "Mudogo yangu, kula wewe shingo ya kuku, uko na meno nguvu." Paja njo yake, juu meno yake ni zaifu. Wakati mama yetu aligonjwa, kule Murara, mi njo nilikuwa nafua mashuka. Yaya alikuwa anafika siku ya Ijumaa na kitenge ya mupya, anasimama ku mulango, anashika pua. "Mama, unaendelea? Ah, nafurahi vile unaendelea." Mama hakuwa anaendelea popote. Miezi kidogo kisha akafa.

Basi mu filimu, ule mwanamuke ya kofia akifungua mudomo tu, mi nasema: "Moshi! Moshi inaniharibia macho!" Bamama banaanguka ku mabenchi. "Ni yaya yako! Kabisa!" Ata basoda balikuwa banaingia, banakaa mbele na bunduki mu magoti. Siku moya, moya yao alisimama, machozi inamushuka, akapiga kelele: "Ule mwanamuke ni mwizi! Angekuwa hapa ningemufunga!" Tukaangaliana. Juma yenye ilikuwa imepita, ule soda mwenyewe alionekana mu barabara ya avenue yetu na godoro ya jirani yangu ku kichwa. Jirani akaniambia mu sikio: "Hapendi mutu anamunyanganya kazi."

Siku yenye niliogopa ikafika. Yaya akakuya ku filimu. Akakaa pembeni yangu, akanisukuma nibaki na nusu ya tako ku benchi. Nifanye je? Bamama balikuwa banangojea ile sauti. Nikaifanya. Moshi, shingo ya kuku, unaendelea, yote. Bamama banaziba midomo na vitenge. Mi naangalia yaya na jicho moya, naona analia! Analia kabisa, anapangusa na kitenge yangu. Nikasema mu roho: haya imemushika leo.

Filimu ikaisha. Akanishika bega. "Mudogo yangu, ile filimu imenigusa. Ule dada mudogo, masikini! Vile njo mi niliteseka na mama, kila Ijumaa, na ile jua yote. Na ule mukubwa, mubaya vile! Ile sauti uliitoa wapi? Inafanana na yako."

Bamama balikosa pumuzi.

Kisha ikakuya volkano. Mambo ya kukimbia sitaisema sana, kila mutu ya Goma eko na yake. Tulivuka mupaka na batu yote upande wa Gisenyi, mi na sufuria yangu na mufuko ya yaya, yeye na kioo yake ya kujiangalia. Tuliporudi, ku bwana yake, kule yaya aliolewa, moto haikufika, nyumba yao iko vilevile, ata majani ya migomba. Kwetu Murara, nyumba ya mama, yenye nilikuwa nabaki mi peke yangu na mambo yangu yote, ilikuwa chini ya mawe meusi. Kambambili yangu ikayeyuka mu miguu nikitafuta mulango. Karatasi ya parseli, ile kiwanja yetu, iliungua na sanduku. Nikaenda kulala ku masomo, mu klasi, na famiya tano, ku mukeka moya. Kama ningekosa ile parseli, basi, mukeka njo ingekuwa nyumba yangu mupaka kufa.

Batu balianza kusimika miti ku makoro, ile mawe ya volkano, na kipande ya kitenge juu: hapa kwetu, hapa kwetu. Na unajua, parseli zote zilinona chini ya ile moto! Mwenye alikuwa na choo tu, sasa anasema alikuwa na lupango, nyumba na uwanja yake. Shefu ya avenue akakuya kukata maneno. Kulikuwa kumebaki kipande ya ukuta ya jirani yetu mwenye kuuza mafuta ya ngazi, ile ya mawese, basi shefu anahesabu hatua toka pale. Jirani ya kuume aseme, jirani ya kushoto aseme. Kisha famiya iseme marehemu aliachia nani. Karatasi hakuna, kunabaki midomo tu.

Majirani balisema muzuri. Ikabaki famiya, maana yake mi na yaya. Siku mama anakufa, tulikuwa siye wawili tu mu chumba.

Shefu akaniuliza: "Mama, marehemu alisema nini?"

Mama alisemaka hivi: "Parseli, mutagawana. Musigombane." Maneno tatu tu. Ninaikumbuka ata leo. Lakini niliangalia yaya chini ya muavuli yake, nikafikiri ile nyumba yake yenye moto iliogopa, nikafikiri ile mukeka. Mudomo ikafunguka, na ikatoka sauti ya mama, na pumuzi yake ya kukatika: "Wewe, mudogo... wewe njo ulinifulia... hapa ni pako... peke yako."

Mama ya mafuta akashika kichwa. "Subhanallah, ni yeye!" Bamama ya filimu, bote balikuwa pale, bakaanza kulia.

Shefu peke yake hakulia. Akajikuna kidevu. "Mama, hii ni maneno ya marehemu, ao ni filimu yenu ya Majengo? Wewe unasema na sauti ya kila mutu. Ata yangu unaifanyaka, nilisikia. Sasa siku unasema kweli, tutakujua na nini?" Akageuka. "Mama mukubwa, na wewe ulikuwa pale. Ni vile?"

Neno moya tu yake, na mi niko mubongo, mutu ya uongo, mbele ya avenue nzima.

Yaya aliangalia bamama, moya, moya. Macho yote kwake, yenye machozi, kama ku mabenchi. Akafunga muavuli polepole. Akaweka mukono ku kifua.

"Shefu, ni vile. Mama alisema vile, mi nilisikia na masikio yangu. Ata kama mi njo mukubwa. Ata kama mi njo niliteseka. Mudogo yangu achukue yote. Mi nitabaki na mikono mitupu."

Kisha akaanguka. Lakini kwanza aliangalia wapi anaanguka, juu makoro inakata. Bamama bote bakamukimbilia. Moya anamupepea, mwingine anamupa maji. Shefu mwenyewe akamushika mukono: "Mama, batu kama wewe Goma balishaisha."

Mi nilibaki na muti yangu ya kitenge. Nikasikia nyuma yangu: "Ona moyo ya ule yaya! Na ule mudogo, ata aksanti!"

Nikajenga na mbao, vyumba mbili juu ya makoro. Miezi haikuwa mingi, bwana ya yaya akaongeza bibi mwingine, kijana. Siku moya naona chukudu, ile kigari ya mbao, inasimama mbele ya mulango, na godoro juu. Yaya nyuma, na kioo.

"Karibu yaya. Unatembea?"

"Mudogo yangu, mama alisema nini ile siku?"

"Si ulisema wewe mwenyewe mbele ya shefu?"

"Mi nilisema ile bamama balitaka. Sasa sema wewe. Na sauti yake."

Nikaangalia avenue. Jirani ya mafuta alikuwa ananyosha shingo. Nikasema polepole, na pumuzi ya kukatika: "Parseli, mutagawana. Musigombane."

Yaya akafunga macho. "Tena."

Nikarudilia. Akageuza uso upande ya ukuta, akasema ni moshi, na moto ilikuwa haijawashwa.

"Aya," akasema. "Chumba ya mbele ni yangu. Na ile godoro uinue, usiikokote, makoro itaitoboa."