Kiti Mwendo Nilichomnunulia Baba

Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Naitaja mapema kwa sababu niliipata kwa kusoma jioni, baada ya kushinda mchana nikipanga maboksi kwenye ghala moja la Dar es Salaam, na kwa sababu bila kuitaja habari hii haitakuwa na utamu wake. Niliondoka Kyela nikiwa na begi la kuazima. Nilirudi miaka kumi na minne baadaye na mke, watoto wawili, pikipiki na cheti kilichotiwa fremu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo ni mimi ninayesimamia ghala la kakao hapa Ipinda, na gunia haliingii wala halitoki bila saini yangu.

Lakini sikurudi kwa ajili ya kakao. Nilirudi kwa sababu baba alianguka kutoka kwenye mchikichi. Alikuwa na umri ambao wenzake walikwisha kuwaachia wajukuu kazi ya kupanda, ila yeye alisema wajukuu wa siku hizi wanapanda mti huku wanaangalia simu. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Akabaki na mikono ya mtu wa miaka arobaini na miguu isiyoweza kumfikisha mlangoni. Mama alikuwa amefariki zamani.

Baba alitaka kitu kimoja tu, na alikisema bila kuzunguka: kwenda chooni mwenyewe. Ndoo aliyowekewa chumbani aliichukia kuliko maumivu. Nikamwahidi kwamba mshahara wangu wa kwanza wa Ipinda utamwondolea hiyo ndoo.

Wengine wangesubiri mgao wa misaada. Mimi nilikuwa nimekwisha kukiona kiti mwendo ninachokitaka. Nilikiona kwenye korido ya hospitali kubwa Dar es Salaam, muuguzi akimsukuma mgonjwa kwa vidole viwili, magurudumu manne madogo kama visahani vya chai, hayatoi hata mlio. Nikaagiza kama hicho. Kikaja kwa basi hadi Kyela mjini kimefungwa nailoni, nami nikakileta nyumbani kwa bajaji nimekikumbatia kama bibi harusi.

Majirani walijaa. Niliwaonyesha kinavyokunjwa na kukunjuliwa, nikawaeleza pia nilivyokipata bila kupitia dalali. Nikambeba baba nikamkalisha, nikamzungusha uwanja mzima mara mbili, japo kwenye mchanga ilibidi nikiinue kwa nguvu kama toroli la kokoto. Bibi mmoja akapiga kigelegele. Baba akasema "ndaga", yaani asante ya kwetu, mara moja tu. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Kuanzia siku ile nikawa na ratiba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi namtoa baba chumbani, nampeleka chooni, namrudisha, namweka katikati ya uwanja penye hewa, mahali anapoonekana vizuri kutoka barabarani. Saa moja naondoka. Saa saba mchana narudi kula na kumhudumia. Niliiona ni huduma ya daraja la kwanza.

Sasa lazima nimweleze mke wangu. Amezaliwa na kukulia Mbagala, ingawa wazazi wake ni Wanyakyusa wa upande wa Tukuyu. Kwetu tangu zamani mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hampiti mbele, hamtaji jina, hamgusi, na akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Wengi wamekwisha kulegeza. Wako wanaokaa sebuleni na wakwe zao wakitazama taarifa ya habari. Mimi niliamini nimeoa mtu wa mjini, kwamba mambo hayo kwetu yamepita. Kumbe mama yake alimfunda Mbagala kule kule, na alimfunda vizuri kuliko walimu wangu wote. Na baba ni mtu wa zamani. Miezi mitatu waliishi uwanja mmoja, na sidhani kama waliwahi kutazamana machoni.

Walipokuwa na la kuambizana, walimtumia kuku.

"Wewe kuku," baba angesema akiwa amegeukia migomba, "mwambie mama wa watoto kwamba mvua inakuja, mpunga uko nje."

Kutoka jikoni mke wangu angejibu, "Kuku, sema tumesikia. Sema ndaga."

Mimi nilicheka, nikawasimulia wenzangu ghalani. Ilinipita kwamba kuna mambo mtu hawezi kuyatuma hata kwa kuku.

Wiki ya pili nikaona njia mpya kwenye migomba nyuma ya jiko. Majani yamelala, udongo umekanyagika, inazunguka hadi kwenye bomba la maji ambalo kwa kawaida liko hatua kumi tu kutoka jikoni. Nikafikiri ni wezi wa ndizi.

"Nani anapita huku?" nikamuuliza mke wangu.

"Mimi."

"Na ndoo ya maji kichwani? Kwenye tope lote hili?"

"Uwanjani yupo baba."

"Baba hana mbio, mama wee. Hawezi kukufukuza."

"Na mimi siwezi kumpita mbele. Umemweka katikati kama mnara wa simu. Nikitoka jikoni, yeye. Nikienda kuanika, yeye. Anafumba macho nipite, nasikia aibu mpaka miguuni. Mzee wa watu anafumba macho kwenye uwanja wake mwenyewe!"

Nilitaka kumwambia asogezwe pembeni, nikakumbuka kwamba wa kumsogeza ni mimi, na mimi niko ghalani.

"Halafu kuna jingine," akasema. "Chai inarudi kama ilivyokwenda. Leo siku ya nne."

Chai ya baba ilikuwa inaachwa kwenye chupa kando ya kiti kabla sijaondoka. Nikaifungua chupa, imejaa. Nikahofia malaria. Nikaenda kuchuchumaa mbele ya baba, nikamshika paji la uso.

"Mbona hunywi chai, tata?"

"Chai ina tabia moja," akasema. "Ukiiingiza, inataka kutoka. Na wewe uko kwako kwenye magunia."

Nikaifunga ile chupa. Alikaa juani kutoka saa moja hadi saa saba na koo kavu ili asije akahitaji mtu. Chumbani angalau ndoo ilikuwa karibu. Mimi nilikuwa nimemtoa kwenye ndoo nikamweka mahali ambapo hata ndoo haifikii, tena mbele ya barabara, watu wamsalimie. "Mugonile," wanamwambia, umelala salama, naye anaitikia huku amebana miguu.

Nikarudi jikoni na ushauri wa kisomi.

"Msukume tu wewe. Nyakati zimebadilika."

"Nimsukume nimshike wapi?"

"Humshiki yeye. Kuna vishikio nyuma ya kiti."

"Haya. Nimefika naye mlangoni pa choo. Nimfanyeje? Nimwinue? Nimfungulie suruali? Sema, wewe mwenye cheti ukutani."

 Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na hata mimi ningekubali, yeye angekufa kwanza."

Katika somo la kwanza kabisa la stashahada yangu tulifundishwa kwamba kabla ya kununua chochote, muulize atakayekitumia anahitaji nini. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Nilijibu kurasa mbili nikapata alama zote.

Pembeni ya mashine za kukoboa mpunga hapa Ipinda kuna fundi baiskeli, mtu mzima mwenye kofia ya kiua na miwani iliyofungwa waya. Nikampelekea kiti, nikamweleza kwamba nataka kibadilishwe, baba ajisukume mwenyewe. Akakizungusha, akakigonga kwa spana.

"Hiki ni cha mtu wa kusukumwa. Ona magurudumu, mkono unafika wapi? Nani alinunua?"

"Mimi."

"Umesomea kazi gani, mheshimiwa?"

"Ununuzi."

Akaniangalia juu ya miwani muda mrefu. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kamlete mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kupima kiti bila makalio."

Nikamleta baba kwa bajaji. Kuanzia hapo fundi hakunisemesha tena, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa kuku. Alimwambia baba aning'inize mikono, akapima kwa kamba kutoka begani hadi kiganjani. Akamwambia abane ngumi kwenye bomba, akamvuta. Baba naye akamvuta, fundi nusura aangukie pampu.

"Mzee, hii mikono bado inabeba mashua."

"Mimi si Mkisi wa ziwani. Inabeba mashada ya chikichi."

"Mlango wa choo chako una upana gani?"

Nikafungua mdomo kusema nitakwenda kupima. Baba akaweka mkono juu ya mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha nusu yake, kisha vidole vinne. "Nilikijenga mwenyewe," akasema. Akaendelea: karibu na bomba pana mteremko, magurudumu ya mbele yasiwe membamba kwa sababu ya mchanga, breki iwe ya kulia, na ndani ya choo atataka bomba la kushikia ukutani kwenye kimo cha kifua. Alikuwa na kila kipimo kichwani. Alikuwa navyo siku ile nilipowaonyesha majirani kinavyokunjwa.

Fundi alipokuwa anakata magurudumu yangu ya visahani kwa msumeno, baba akasema, "Weka na kengele."

"Ya nini mzee? Unakwenda kutembeza dagaa usipa?"

"Nyumbani nina mkwe."

Fundi akaacha msumeno. Alikuwa mtu wa asili ya pwani, lakini ameishi Ipinda muda wa kutosha. Akaingia ndani, akapekua boksi, akaijaribu moja, akaitupa, akaijaribu nyingine. Aliyochagua ilisikika mpaka kwenye mashine.

Baada ya siku nne kiti kikarudi na magurudumu mawili makubwa ya baiskeli, bomba jembamba limezunguka kila gurudumu la kushika kwa mkono, na mbele tairi pana za toroli. Kilikuwa na sura mbaya. Hakikunjiki tena. Mimi, kwa upande wangu, nilimwaga kifusi kutoka mlangoni kwa baba hadi chooni, nikashindilia kwa miguu, na naweza kusema bila kujisifu kwamba njia ile haijatitia hata kidogo baada ya masika.

Asubuhi ya kwanza nilisimama uwanjani na mikono imekaa tayari kudaka.

"Leo hakuna kazi ghalani?" baba akauliza.

"Ipo."

"Basi?"

Akapiga kengele. Jikoni kukawa na kishindo kidogo, mlango wa nyuma ukafungwa. Baba akasukuma. Gurudumu moja lilikamata jiwe, akarudi nyuma kidogo akalikwepa. Mlango wa choo aliupita, na palibaki nafasi ya kidole kila upande. Akaufunga. Nikasikia komeo la ndani likiingia mahali pake, na nikabaki nimesimama nje kama mtu aliyekuja kuomba kura.

Ndani ya wiki mbili wenyewe walikuwa wametengeneza sheria za barabarani bila kuniuliza. Kengele moja, natoka. Kengele mbili, nimepita, uwanja ni wako. Mke wangu akawa anajibu kwa kugonga mwiko kwenye sufuria: bado naanika, subiri. Baba anasubiri nyuma ya kona ya nyumba. Kuku wakaachwa wapumzike. Njia ya kwenye migomba ikaota majani, na chupa ya chai ikawa inarudi tupu na maombi ya kuongezwa sukari.

Mimi niliendelea kuja mbio kila saa saba. Mtu akishazoea kutegemewa haachi kwa siku moja. Siku moja nikaingia uwanjani nikakuta kimya. Kiti hakipo. Mlango wa baba uko wazi, na ndani yuko mke wangu, aliyekuwa hajawahi kukanyaga kizingiti kile. Ametoa godoro nje, anafagia chini ya kitanda, kitambaa puani.

"Baba yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Sijamuuliza. Nimuulize mimi?" Akaendelea kufagia. "Chakula kiko kwenye hotipoti."

Nikala peke yangu, wali na mboga ya majani, nikatazama saa. Nilikuwa na dakika arobaini ambazo hakuna aliyezihitaji. Nikawasha pikipiki nirudi ghalani.

Nyumba ya nne kutoka kwetu, jirani alikuwa ametandaza kakao juu ya mkeka, na baba alikuwa kando yake, breki zimekazwa, ameshika kijiti kirefu anageuza punje, anamfokea mwenye kakao kwamba amezitoa kwenye majani ya kuchachushia kabla hazijaiva. Jasho lilikuwa limemtoka. Kurudi kwetu kuna mwinuko mdogo, nikaona huo sasa ndio wangu. Nikasimamisha pikipiki, nikashuka, nikaenda nyuma ya kiti.

"Nikurudishe, tata?"

Hakugeuka.

"Sogea," akasema. "Umetuzibia jua."

Nikasogea.