Kifusi Juu ya Viota

Watoto walimpa jina la Korongo siku ya kwanza tu, kwa ajili ya miguu yake mirefu, naye akalipenda. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, binti wa msusi, mwenye sauti ya mkwaruzo na subira iliyozidi umri wake. Kila Jumamosi yeye na wenzake walivaa fulana za kijani zenye nembo ya chuo, wakaenda shule ya msingi ya jirani kuwafundisha watoto habari za bwawa la kando ya chuo na ndege wake.

Bwawa lenyewe lilikuwa matope na matete, na watu wengi waliliona jalala tu. Korongo aliwafundisha watoto kulala kifudifudi ukingoni na kunyamaza. Kumnyamazisha mtoto wa darasa la nne si kazi ndogo, lakini waliweza, wakawa wanawatazama yangeyange wakilisha makinda.

Jumamosi moja walikuta malori yanamwaga kifusi. Upande mzima wa matete ulikuwa umelazwa, na viota viko chini ya mawe. Yangeyange walizunguka juu wakilia, hawana pa kutua.

Msichana mmoja mwenye pengo akamvuta mkono. "Dada, mbona gari lina picha kama ya fulana yako?"

Korongo akatazama. Nembo ni ile ile. Akamfuata dereva.

"Mimi natumwa tu, dada," dereva akasema. "Chuo kinajenga maegesho."

Jumatatu alikwenda kwa mhadhiri msimamizi wa mradi wao.

"Bwawa lenyewe dogo," mhadhiri akasema. "Ndege wana mabawa, watahama."

"Na makinda?"

Mhadhiri akapanga karatasi zake. "Ijumaa wafadhili wanakuja. Waandae watoto waimbe ule wimbo wa ndege. Picha zenu zimependeza sana."

Korongo alitoka mle ofisini. Nyumbani alimkuta mama yake anamsuka mteja, akamsimulia yote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akasema, kitana kikiwa mdomoni. "Ila usije ukafukuzwa, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha, mama. Kapita juu ya viota."

Mama akasuka mistari miwili. "Basi sema. Lakini sema taratibu. Ukipiga kelele watasema una wazimu."

Ijumaa ukumbi wa chuo ulipambwa, wageni wakaketi. Korongo akasimama mbele na watoto wake. "Wageni wetu," akasema, "somo letu halifundishiki humu ndani. Tunaomba mtufuate." Kabla mhadhiri hajapata la kusema, watoto walishatangulia, kimya kama walivyofunzwa, na wageni nyuma yao.

Pale kwenye kifusi alieleza palikuwa na nini na pamebaki nini. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Yule msichana mwenye pengo akanyoosha kidole kwenye nembo iliyokuwa kifuani mwa mhadhiri. Hakuna aliyecheka.

Malori hayakurudi. Chuo kikatangaza kwamba kimesitisha ujenzi kwa kuyapenda mazingira. Kifusi hakikuzolewa. Korongo aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akaambiwa amekiaibisha chuo, akapewa onyo na kuondolewa kwenye mradi. Hakuna aliyeulizwa habari za viota. Kilichomuuma zaidi ni kwamba picha yake, amezungukwa na watoto wanaocheka, ilibaki ukutani pale mapokezi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda shuleni peke yake, amevaa gauni lake la nyumbani. Mwalimu mkuu akamfungulia darasa. Watoto wakataka kujua makinda yamekwenda wapi.

"Yamekufa," Korongo akawaambia. "Na walioyaua ni watu waliosoma."

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, akisikia. Hakumkatiza.