Karanga za Babu

Mlinzi wa maktaba ya chuo alikuwa na mvi za kutosha. Basi kila asubuhi alipokuta dirishani kisahani cha karanga chenye karatasi iliyoandikwa "Za Babu", hakuuliza mara mbili. Mwezi mzima alizitafuna, akiwasifu wanafunzi kwa malezi mema.

Leo akaja msichana mmoja kubandika mlangoni picha ya kindi aliyejihamishia pale chuoni, kipenzi cha wote. Chini yake imeandikwa: "Babu wetu anakonda. Nani anamwibia karanga?"

"Shikamoo, mzee," msichana akasema. "Wewe unashinda hapa. Hujamwona huyo mwizi?"

Mzee mzima akatamani ardhi ipasuke immeze. Kinywa kilikuwa kimejaa. Hata marahaba ilikosa pa kupita.