Sajini wa Kinywani mwa Dahir

Siku niliyoripoti kazini Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa koplo mpya mwenye viatu vilivyong'aa kuliko akili yake. Nilivuka daraja la Tana na sanduku langu la bati, nikapiga saluti mbele ya Mkuu wa Kituo. Alikuwa akijipepea kwa jalada la kesi. Barua yangu ya uhamisho hakuigusa.

"Koplo, Kisomali unajua?"

"Hapana, afande. Mimi ni Mtaita."

"Basi mdomo wako ni huyu," akasema, akimwonyesha konstebo mwembamba aliyesimama mlangoni. "Anaitwa Dahir. Mtunze. Bila yeye utakuwa bubu mwenye bunduki."

Ninyi mlioingia polisi juzi hamjui kazi hiyo ilivyokuwa. Wafugaji wengi waliotufikia hawakujua Kiswahili. Mlalamikaji alisema kwa Kisomali, Dahir akanifasiria, nami nikaandika. Kwanza niliandika katika OB, kitabu ambamo kila tukio la kituo hupewa namba, kisha taarifa yenyewe. Chini ya taarifa mkalimani alitia sahihi kwamba amefasiri bila kuongeza wala kupunguza. Dahir alitia sahihi hizo kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na hilo pia liliniuma.

Naam, nilimwonea wivu. Sitazunguka mbuyu. Wazee walifika kaunta wakanipita kama meza, wakamuuliza Dahir. Arusi zilimwalika Dahir. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilizunguka mji mzima kwa doria na yeye alitafutwa akiwa amekaa. Kila Ijumaa mtu alileta kibuyu cha maziwa ya ngamia, na Dahir akayanywa yote mbele ya macho yangu. Mimi niliyakataa siku ya kwanza kwa sababu yalinuka moshi. Sikuonjeshwa tena.

Baada ya miaka mitatu nilipata tepe ya tatu, nikawa Sajini, nikahamishiwa Wajir, na Dahir akahamishwa nami, kama tandiko na punda. Mkuu wa Kituo wa huko alikuwa Inspekta mtu wa kanuni, ambaye hata chai aliinywa kwa kutazama saa. Huko ndiko nilikoanza kujifunza Kisomali kwa siri, kwa mama mmoja muuza chai nyuma ya soko la ngamia. Sikujifunza kwa mapenzi. Niliamini Dahir anajitwalia sifa zangu, anawaambia watu kila jema limetoka kwake, na nilitaka kumnasa.

Siku yenyewe ilifika kisimani. Ilikuwa kiangazi, na Mzee Hillow, mfugaji mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa ameingiza ngamia wake kabla ya zamu yake. Wenye zamu walikuwa wameshika fimbo. Mzee hakutaka kunisikiliza, alipiga kelele tu. Damu ikanichemka.

"Mwambie huyu mzee," nikamwambia Dahir, "akifungua mdomo tena namtia ndani, na ngamia wake tunawashika."

Dahir akamgeukia kwa utulivu, nami masikio yakanisimama. "Adeer," alianza kwa Kisomali, jinsi wanavyomwita mzee wa rika la baba yao, "Sajini anasema wewe ni kama baba yake. Anajua mnyama mwenye kiu hajui zamu. Anakuomba ukae kivulini, unywe maji, kisha mtapatana mbele yake."

Mzee Hillow akanijia na kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akiniombea dua. Kabla ya adhuhuri zamu zilikuwa zimepangwa upya na fimbo zimelazwa chini.

Njiani nilimsimamisha Dahir, nikamrudishia maneno yake kwa Kisomali changu kibovu. Alishtuka, kisha akacheka.

"Afande, kwa karatasi mimi hata nukta sijageuza. Lakini kwa mdomo, ile hasira nabakisha kwangu. Wewe naweza kubigana na Wajir yote?"

"Na maziwa yote yale uliyokunywa Garissa?"

"Ilikuwa yako, afande! Watu naletea wewe. Wewe nasema nanuka. Mimi ningewaambia nini? Nilisema tumbo yako naumwa, nakunywa kwa niaba yako."

Mtadhani nililainika. La! Wivu uliniwaka mara mbili. Awali nilidhani ananyang'anya heshima yangu, kumbe hata ile kidogo niliyokuwa nayo alinishonea yeye. Nilikwenda moja kwa moja kwa Inspekta.

"Una hakika anageuza maneno yako, Sajini?"

"Nina hakika, afande. Nimesikia kwa masikio yangu."

Nilisema kweli, na sijawahi kusema kweli chafu kuliko hiyo. Dahir aliondolewa ukalimani, akapelekwa kulinda lango la kambi ya wakimbizi ya Ifo. Aliaga kwa saluti.

Nikapewa mkalimani mpya, kijana mwaminifu mno. Nikisema "mjinga", alifasiri "mjinga". Nikitisha, alitisha kwa sauti ileile. Katika mwezi mmoja wazee waliacha kuja kaunta. Nilipomkuta Mzee Hillow sokoni nikamwamkia, hakuitikia. Alisema na yule mkalimani kwa upole, na mkalimani, mtu wa kutoongeza wala kupunguza, akanigeukia.

"Afande, mzee nauliza, ile Sajini ya zamani, ile mzuri, alihamishwa wabi? Anasema huyu uso ni ileile, lakini si yeye."

Nilikuwa nimeelewa kabla hajafasiri.

Nilitumikia miaka mingi baada ya hapo nikastaafu na tepe zangu zilezile tatu, nikarudi kwetu Taita. Dahir sikumwona tena. Nilisikia alitoka polisi akawa mchuuzi wa mbuzi Garissa, na kwamba arusini bado anaitwa. Bado naona wivu, ila si kwake. Namwonea wivu yule Sajini aliyeishi kinywani mwake, aliyepewa dua kisimani.

Mwezi uliopita askari mmoja wa hapa kijijini alirudi likizo kutoka Wajir na mtungi wa samli. Alisema watoto wa Mzee Hillow wameutuma, pamoja na salamu, kwa Sajini mzuri wa baba yao.

Niliupokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nitamfikishia.