Ajenda Namba Moja: Kulia Darasani

Mpaka leo nikiona watu wazima wamepanga viti nusu duara, damu inanichemka.

Nilikuwa mhadhiri Mwanza miaka ile ya soko huria, wafadhili walipoingia na semina za kila aina. Ikaja na ya kwetu: jinsi ya kumsaidia mwanafunzi aliyezidiwa na mawazo. Tukapelekwa hoteli mpya kando ya ziwa, tukala minofu ya sangara ambayo watu wa mtaa wa Mabatini waliiona ikipita tu, wenyewe wakikaanga mapanki, mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Mwezeshaji, mama mmoja mpole kutoka Dar es Salaam, alirudia mpaka sauti ikamkauka: mtu mmoja, mwanafunzi mmoja, mlango umefungwa, sikiliza, usihukumu. Mshauri wa Wanafunzi, ndicho cheo alichokuwa nacho mwenzetu mmoja mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, akanyoosha mkono.

"Na muhtasari anaandika nani?"

Tulicheka. Nilidhani anatania.

Haukupita muda, binti mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Kagera, akaanza kulia darasani. Hakupiga kelele. Alikuwa akiandika tu huku machozi yanadondoka mezani. Mama yake alikuwa amezikwa wakati wa likizo, baba alishatangulia, na nyumba pamoja na migomba vilikuwa mikononi mwa baba yake mdogo, ambaye tayari alikuwa amemtafutia mume. Haya aliniambia mwenyewe koridoni, kwa sauti ya chini. Kilichomtisha ni kitu kimoja: chuo kumrudisha nyumbani mwaka mzima "akapumzike", maana tulikuwa na tabia hiyo. Akapumzike kwa nani?

Nikamfuata Mshauri. Nikamwambia aniachie mimi, ni mwanamke mwenzangu, nitakaa naye.

"Mwalimu, mambo haya yana utaratibu," akasema. "Tumefundishwa, sasa tutekeleze. Lakini mtu mmoja na mwanafunzi, mlango umefungwa, kesho watu watasema nini? Tutakaa wote."

Wote! Basi tukakaa wote tuliokwenda semina, nusu duara, Mshauri akiwa mwenyekiti, katibu na kalamu yake, soda mezani. Kikao kikafunguliwa kwa sala. Ajenda namba moja: kulia darasani. Binti akaingia, akapiga goti, "Shikamooni," tukaitikia marahaba kwa pamoja kama kwaya. Akaonyeshwa kiti cha katikati.

"Jisikie huru kabisa," mwenyekiti akamwambia. "Hapa tunasikiliza tu."

Wakasikiliza kweli, siwezi kuwasingizia. Walinyamaza, macho yote kwake, kama walivyofundishwa. Nani angefungua kinywa mbele ya baraza la namna ile? Alipozidi kunyamaza, uvumilivu ukawaisha. Mmoja akauliza kama ana mchumba. Mwingine akamshauri asali sana. Wa tatu ndiye aliyesema lile neno alilokuwa akiliogopa, kwamba pengine akapumzike nyumbani mwaka mmoja.

Binti akasimama, akanyoosha sketi yake.

"Naomba mnisamehe kwa kulia," akasema. "Sitarudia tena."

Wakashusha pumzi. Mwenyekiti akatabasamu, akamwambia katibu aandike kwamba mwanafunzi amejirekebisha, abaki chuoni. Kuna aliyepiga makofi. Nikauliza, tangu lini mtoto wa watu anaomba radhi kwa kumlilia mama yake? Nikaambiwa nipitishe swali langu kwa mwenyekiti. Nikasema sipitishi chochote kwa mtu yeyote, nikamshika binti mkono tukatoka, soda yangu nikaiacha palepale.

 Tulifika nyumbani kwangu Mkolani, nikabandika chai. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mgongo umenyooka, kana kwamba kikao bado kinaendelea. Nikamsogezea kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akaniuliza taratibu:

"Mwalimu, na hapa hairuhusiwi kulia?"

Nikainuka, nikaenda kufunga mlango.