Mkwe Wangu na Fundi Saa

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba ukuta ni ukuta. Mtu mzima, nimemaliza kidato cha nne, nimefundishwa mpaka jinsi sauti inavyosafiri hewani, halafu nakaa katika nyumba ambayo kuta zake za ndani hazikufika kwenye mabati, na bado nadhani chumba cha pili ni nchi nyingine.

Hapo ni Voi, miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa stoo, karibu na stesheni, na kazini tulikuwa na ugonjwa wetu wenzangu wachache na mimi: vitabu vya hadithi. Wengine wakifika asubuhi huulizana habari za watoto. Sisi tulikuwa tukiulizana, “Uko na nini?” Yaani unasoma nini, kimekushika au unakisukuma tu, na ukimaliza nani anafuata. Kitabu kimoja kilizunguka mpaka jalada likaisha. Hapo tulikivalisha karatasi ya mfuko wa saruji na safari ikaendelea. Sheria ilikuwa moja tu: ukimfunulia mwenzako mwisho, chai ya wiki hiyo unaichemsha wewe. Mimi niliichemsha mara nyingi. Sina kifua cha siri.

Wenzangu hao wakitoka kazini walikwenda uwanjani kutazama mpira, au kunywa pombe ya mbangara, wakarudi na habari za mji. Mimi nikishavua viatu, hata nyumba ingeshika moto ungenikuta nauliza kama ni lazima nitoke. Walinitania sana. “Karani, leo kamba imefungwa mguu gani?” Nawajibu, “Yote miwili, na fundo nimelipiga mwenyewe.”

Nyumbani nilikuwa na msikilizaji. Mke wangu alipenda hadithi kuliko mimi, ila hakupenda kukaa mikono mitupu. Basi jioni, jua likiwa bado liko, yeye aliwasha pasi ya makaa na mimi nikafungua kitabu. Nasoma kwa sauti, anapiga pasi. Kitabu kikiwa kitamu alipiga pasi mpaka vitambaa vya jikoni. Kuna miezi ambayo matambara yetu ya kufutia sufuria yalinyooka kuliko suruali ya DC.

Kitabu kilichotushika mwaka huo kilimhusu fundi saa na mwanamke aliyemletea saa ya mezani kila Ijumaa aitengeneze. Saa yenyewe ilikuwa nzima. Mwanamke alikuwa akiiharibu mwenyewe nyumbani kwa pini ya nywele. Fundi alijua, naye mwanamke alijua kwamba fundi anajua, na hakuna aliyesema. Niliposoma ukurasa ule wa pini mke wangu aliunguza kola ya shati langu la kanisani, na wala hakuomba radhi.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka kwao Rukanga, huko Kasigau, kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa zamani, kwa hiyo hili lilikuwa ndilo alilobaki nalo. Daktari wa macho aliyezunguka miji alilipasua, akalifunga kitambaa, akatuonya: asiiname, asibebe kitu, na zaidi ya yote asikaribie vumbi, mpaka yeye mwenyewe arudi kulifungua. Vumbi likiingia, alisema, asilaumiwe mtu. Mama mkwe, mtu ambaye mikono yake haikuwahi kulala bila kusuka kikapu, sasa alikaa gizani mchana kutwa.

Na mimi sikuweza kumsaidia, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai wakatazamana. Akiwa uani, mimi napita mbele. Akiwa jikoni, mimi sina shida na maji. Chakula sili mbele yake, jina lake silitaji. Hata salamu zilipitia kwa mke wangu.

“Mwambie mama nimemsalimu.”

Kutoka nyuma ya mlango: “Mwambie nimeitikia.”

“Ameitikia,” mke wangu anasema, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Nilijua kwamba jioni mama mkwe hukaa kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu mwenye asili ya Pwani ambaye mume wake alikuwa na duka la vitambaa. Ndivyo nilivyojua. Kumbe asubuhi ndiyo alikuwa kwa jirani. Jioni, mara tu nilipoanza kusafisha koo, mke wangu alikuwa akimwekea mama yake kigoda chumba cha pili, nyuma ya ule ukuta.

Jioni moja tukafika mahali ambapo mvua kubwa inanyesha, fundi saa anafunga mlango wa duka, na mwanamke yumo ndani. Mimi nikisoma sisomi kama karani, nasoma kama mtu aliyenyimwa jukwaa. Sauti ya fundi saa nilikuwa naitoa tumboni, ya mwanamke naitoa puani. Nikavuta pumzi, nikalegeza shingo, nikasema kwa pua, “Fundi, leo saa haijaharibika. Nimekuja hivi hivi.”

Nyuma ya ukuta mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa.

Nilibaki na shingo yangu imelegea vilevile. Mke wangu hakuinua uso kwenye pasi.

“Ni nani yule?” nikamnong’oneza.

“Unamjua.”

“Tangu lini?”

“Tangu saa ilipoharibika mara ya kwanza.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia ungeacha.”

Na kweli, niliacha. Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho nilisikia pua yangu. Kitabu nikakificha chini ya godoro kama bangi, jioni nikashika gazeti la juzi na kulisoma kimya, mpaka matangazo ya mbolea. Mke wangu akapiga pasi bila hadithi, nguo chache tu, akamwaga makaa mapema.

Siku ya tatu akaniambia, “Baba watoto, mama anasema Jumamosi anarudi Rukanga.”

“Na daktari?”

“Anasema amengoja vya kutosha.”

Basi la kwenda Kasigau siku hizo lilikuwa likikaribisha vumbi kwenye sakafu, madirishani na mahali pengine ambapo hatukupajua. Mtu alipanda mweusi akashuka mwekundu. Kumpandisha humo mtu mwenye jicho bichi, na jicho lenyewe ni la mwisho, ilikuwa ni kulitupa. Mke wangu alilia. Nikajua ni mimi. Mama wa watu amesikia mkwewe akilegeza sauti kama mwanamke wa dukani, sasa ameona haya hata hawezi kulala chini ya mabati yaleyale.

Dawa niliyoitunga ilikuwa kuhama nyumba bila kuhama. Nikitoka kazini sikurudi. Mimi, mtu wa kufungwa miguu yote miwili, nilikaa kwenye benchi la stesheni nikitazama mabehewa ya mkonge yakipangwa na kupanguliwa, nikisumbuliwa na nzi, nikitamani kiti changu kama mtoto wa bweni anavyotamani kwao. Nikirudi mke wangu ananiuliza, “Ulikuwa wapi?”

“Nampa mama nafasi.”

“Nafasi anayo nyumba nzima. Nani kakuambia anakosa nafasi?”

Sikuelewa. Aliyenielewesha ni jirani, kesho yake, aliponiona napita mbele ya mlango wake na uso wa mfiwa.

“Karani! Hebu njoo. Yule mwanamke, mvua ilipokatika alirudi kwao au hakurudi?”

“Mwanamke yupi?”

“Wa saa, huyo! Usinifanye mie mtoto. Mamako kila asubuhi hunihadithia uliyosoma jana yake, mpaka na sauti zako huziiga. Ya pua hasa aiweza. Juzi katufikisha mlango wafungwa, mvua yanyesha, kisha kimya. Namuuliza, ikawaje? Aniambia hajui, mkwewe kaacha kusoma. Ndiyo kisa ataka kurudi kwao. Asema kukaa gizani na hadithi alikuweza, kukaa gizani bila hadithi hakuwezi.”

Nilikwenda nyumbani mbio, viatu nikavulia mlangoni, nikakivuta kitabu chini ya godoro. Mke wangu alikuwa ameshaweka makaa kwenye pasi. Nyuma ya ukuta nilisikia kigoda kikisogezwa, na safari hii hakuna aliyejisumbua kukisogeza polepole.

Lakini mwoga ni mwoga. Ukurasa wa mvua niliutazama, nikakumbuka yaliyomo, masikio yakanipata moto. Nikasoma, “Mvua ikanyesha,” nikafunua karatasi kama nne kwa kidole kimoja, nikaendelea, “Kulipokucha, fundi saa akafungua duka.”

Ukutani pakagongwa. Ko! Fimbo.

Nikaendelea na habari za duka. Ko! Ko!

“Mama anasema umeruka,” mke wangu akasema.

“Hakusema neno.”

“Kwani unataka aseme vipi?”

Nikamaliza sura ile kwa ukaidi, jasho likinitoka, nikajiambia mtu aliyefungwa macho atajuaje nimeruka nini. Asubuhi ya Ijumaa nikamkuta mke wangu amesimama mlangoni, macho mekundu. Kikapu cha mama yake kilikuwa kimefungwa kamba, tayari kwa basi la kesho.

Jioni jirani akaja na ujumbe. Hakukaribia kiti, alisimama kizingitini na sinia la mahamri mkononi.

“Nimetumwa,” akasema. “Mamako auliza: mwanamke aliingia dukani na kanga mbili. Wewe mwenyewe ulisoma, moja kajifunga, moja kajitanda. Asubuhi umesoma atoka na moja. Ya pili i wapi?”

Mke wangu alibana mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili, na hesabu ya kanga sikuwa nimeipiga hata mara moja.

“Asema hivi,” jirani akaendelea. “Ukisoma kilichoandikwa, chote, atamngoja daktari hata mwezi. Ukiruka tena, kikapu ki tayari.”

Ningependa kuandika kwamba upendo ulinipa nguvu papo hapo. Mama mkwe alikaa, hilo ni kweli. Alingoja mpaka daktari akarudi, akakifungua kitambaa, jicho likaona. Na mke wangu aliniapia kwamba kitu cha kwanza alichoomba kupewa ni kile kitabu chenye jalada la mfuko wa saruji. Alikisogeza karibu na pua, akapekua taratibu mpaka kwenye mvua, akahakikisha kanga ya pili iko pale nilipoisoma, ndipo akaulizia chai. Kitabu akaondoka nacho Rukanga. Wenzangu wa stoo walinitoza chai ya wiki mbili kwa kukipoteza, na tangu hapo mtu akinitumia salamu kutoka huko huniambia, “Mama anauliza uko na nini.”

Ila jioni ile sikuwa na nguvu yoyote. Nilisimama katikati ya sebule na kitabu kimenilowa mkononi, nikinong’ona ili upande wa pili usisikie, nikimweleza jirani kwamba yeye ni wa Pwani hajui mila zetu, kwamba yule ni mama mkwe, kwamba midomo yangu haiwezi kutamka mambo ya kanga mbele ya masikio yake, haiwezekani, haijawahi kutokea ukoo mzima. Jirani alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaweka sinia mezani, akanivutia kiti, akasema kwa sauti ya kufika chumba cha pili na uani pia:

“Mkweo kazaa watoto, karani, hakuwaokota sokoni. Soma!”